Seli shina zinatibu au zinaponya?

Swali: Mwalimu, jambo sana. Niko natafsiri karatasi ya afya toka Kifaransa, tutaisoma mu kanisa hapa Majengo, Goma, sababu vijana wengi wanaanguka na moto (pikipiki) na kuumia kichwa. «Traumatisme crânien» nimeweka «kidonda cha kichwa». «Cellules souches» nimeandika «seli shina», lakini dada yangu anataka «selule za kisiki». Tena nimeandika «zinaponesha ubongo». Ni sawa?

Jibu: Jambo sana, ndugu yangu. Baki na «seli shina». Dada amesoma Kifaransa vizuri, souche ni kisiki; lakini ni asili ya ukoo pia, na maana ya wataalamu imekaa hapo. Shina hutoa matawi. Seli hizi nazo hujigawa, nyingine zikabaki shina, nyingine zikageuka seli za damu, za mfupa au za neva. Ukisoma kanisani taja na «selule» mara moja, watu wa Goma wamelizoea.

«Kidonda» libadilishe. Kidonda hukiona kinatoa damu, ukakifunga bendeji, kumbe ubongo unaweza kuumia ndani ya fuvu na ngozi isipasuke hata kidogo. Andika «jeraha la ubongo».

Sasa «zinaponesha». Umbo lake ni la kwetu, sanifu ni «zinaponya», na kwa hilo sina neno. Shida ni maana. Kutibu ni kazi ya daktari. Kupona ni la mgonjwa, na mtu huweza kutibiwa mwaka mzima asipone. Mwaka 2024 Japani iliidhinisha, kwa masharti na kwa muda maalum, tiba ya seli zilizotokana na uboho wa mifupa, zinazopandikizwa ubongoni mwa mtu aliyebaki amepooza viungo baada ya kuumia. Lengo ni kupunguza kule kupooza. Hakuna aliyeahidi kuurudisha ubongo kama ulivyokuwa. Basi andika: «Madaktari wanajaribu kutibu jeraha la ubongo kwa seli shina.» Neno «wanajaribu» usilikate, hata karatasi ikijaa.

Nakusisitizia hivi kwa sababu «kupona» kwetu kuna maana mbili. Jirani yangu mmoja, motari, yaani dereva wa pikipiki, aligongwa na gari. Ukimuuliza mama yake, anajibu: «Alipona.» Ni kweli, hakufa. Lakini mpaka leo kikombe cha chai anakishika kwa mikono miwili, na akitaka chumvi jina linamkimbia, anasema «ile nyeupe». Mama huyo atakuwa kanisani siku mtakaposoma. Akisikia «zinaponesha», atatoka hapo akiuliza zinauzwa wapi, na kiwanja chake anauza kwa bei gani.