Maswali ya Wasomaji: Ruzuku, Mikopo na Miradi ya Takataka

Swali: Sisi ni wanawake 14 hapa Mbale. Tunakusanya maganda ya matoke sokoni, kama tani moja kwa wiki, na tunataka kutengeneza briketi, yaani makaa ya kushindilia. Tumeambiwa serikali inatoa ruzuku kwa miradi ya kurejeleza takataka kupitia UWEP, mpango wa Uganda wa ujasiriamali wa wanawake. Je, tuombe shilingi milioni 10?

Jibu: Kina mama, kabla ya kujaza fomu, jueni kwamba fedha za UWEP si ruzuku. Ni mfuko wa mzunguko: kikundi hupokea, hufanya kazi, hurudisha, na kikundi kingine hupewa. Miezi 12 ya kwanza haina riba, lakini kitakachobaki baada ya hapo hutozwa asilimia 5 kwa mwaka. Mfuko wa vijana, YLP, nao ni wa kurudisha. PDM, mpango wa serikali wa maendeleo ngazi ya parishi, pia: parishi hupata shilingi milioni 100 kwa mwaka, na kaya hukopa hadi milioni 1 kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka. Tena PDM imelenga zaidi kilimo na ufugaji, hivyo mashine ya briketi haiingii humo kwa urahisi.

Fedha isiyorudishwa ipo, ila milango yake ni michache. Vikundi vya watu wenye ulemavu vina ruzuku maalumu ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, hadi shilingi milioni 5 kwa kikundi. Kwa kazi ya mazingira hasa, mlango mpana zaidi ni Mpango wa Ruzuku Ndogo wa GEF (Mfuko wa Mazingira Duniani) unaosimamiwa na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, ambao umekuwepo Uganda tangu 1998. Huo si mfuko wa serikali, ingawa serikali ina wajumbe katika kamati inayochagua miradi. Kwa miaka mingi kikomo cha kawaida kimekuwa dola 50,000 kwa mradi. Mtatakiwa kuonyesha mchango wenu wenyewe. Si lazima uwe taslimu: banda, kiwanja, siku za kazi na vifaa mlivyo navyo huhesabiwa, mradi mviandike kwa thamani inayoeleweka.

Sasa tuje kwenye tani yenu moja, maana hapa ndipo maombi mengi ya briketi huanguka. Ganda bichi la matoke ni maji matupu kwa sehemu kubwa. Chukueni kilo 10, zikatekateni vipande vya sentimita 3 hadi 5, zianikeni juu ya kichanja hadi zivunjike kwa vidole, kisha pimeni tena. Mtapata kama kilo 1.5. Zichomeni ndani ya pipa lililofunikwa na kuzibwa kwa udongo, na mkaa utakaobaki ni kama asilimia 30 ya hiyo kilo 1.5, yaani chini ya nusu kilo. Kwa hiyo tani nzima ya maganda mabichi inawapa takriban kilo 45 za mkaa. Ukiongeza wanga wa kuushikanisha unafika kilo 47, hata magunia mawili ya kilo 25 hayajai.

Fanyeni hesabu ya deni. Milioni 10 zikirudishwa kwa miezi 12 ni shilingi 833,000 na ushei kila mwezi. Hata kilo ikiuzwa 1,500, kilo 47 kwa wiki zitaleta kama 280,000 kwa mwezi, kabla ya kulipa kuni za kupikia uji wa wanga huo, magunia na bodaboda. Deni hilo halilipiki. Mkisaini, mtaanza kuchangishana kutoka mifukoni, na kikundi kitavunjika.

Lakini Mbale ni mji wa kahawa. Maganda makavu yanayobaki viwandani baada ya kukoboa yana maji kidogo sana, kama asilimia 10 hivi, kwa hiyo tani moja kwa wiki hutoa mkaa wa kilo 270 au karibu na hapo. Kwa bei ileile, hiyo ni zaidi ya milioni 1.6 kwa mwezi. Tafuteni barua ya kiwanda kinachokubali kuwapa maganda hayo, ikitaja kiasi kwa wiki na bei kama ipo. Barua hiyo ina uzito kuliko kurasa kumi za maelezo ya mabadiliko ya tabianchi. Ongezeni pia vumbi linalobaki kwa wauza makaa. Hilo limeshachomwa tayari. Maganda ya matoke yapelekeni kwenye mboji au kwa wafugaji. Na msiandike kwamba ni ya bure milele: wafugaji wakianza kuyagombea, yatakuwa na bei.

Kwa kilo 100 za unga wa mkaa, anzeni na kilo 5 za unga wa muhogo uliopikwa katika lita 50 hivi za maji hadi uwe uji mzito unaong'aa. Changanyeni kidogo kidogo. Ukikamata tonge mkononi lishikane bila kuchuruza maji. Briketi ikimomonyoka, mkaa haukusagwa vizuri au uji haukuiva. Ikitoa moshi, kuna vipande havikuiva ndani ya pipa. Ikiacha majivu mengi na moto ukawa hafifu, mlifagia maganda pamoja na mchanga wa sokoni, na kosa hilo halirekebishiki baadaye. Ikipasuka, ilianikwa juani moja kwa moja. Siku ya kwanza iwe kivulini. Mkaa uliotoka ndani ya pipa msiutie guniani siku hiyohiyo. Ukae umetandazwa saa 24, kwa sababu kipande kimoja chenye joto ndani kinaweza kuunguza banda usiku.

Kabla ya kuandika ombi, pimeni malighafi siku 7 mfululizo kwa mizani ya kuning'iniza, mkitoa uzito wa gunia tupu. Andikeni siku za soko na siku za mvua. Karatasi hiyo iambatanisheni.

Swali: Kikundi chetu cha vijana Kampala kinatenganisha plastiki na kuiuza. Tunataka kuomba fedha za mashine ya kusaga. Je, leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, tuitafute kwanza au baada ya kupata fedha? Kiwanja tumepewa na mzee mmoja mwenye kibanja.

Jibu: Kwanza. Kanuni za Usimamizi wa Takataka za 2020 zinataka leseni kwa anayesafirisha, anayehifadhi au anayechakata takataka. Mwoneni ofisa mazingira aeleze kazi yenu iko kundi gani, kwa kuwa kutenganisha chini ya banda na kubeba mizigo kwa lori si jambo moja. Tangu dampo la Kiteezi liporomoke tarehe 10 Agosti 2024 na kuua zaidi ya watu 30, hakuna ofisa atakayependa kuona jina lake kwenye rundo lisilo na kibali, na ana haki.

Kiwanja ndicho kinachotutia wasiwasi zaidi. Mwenye kibanja kwenye ardhi ya mailo, yaani anayekaa kwenye ardhi ambayo hati yake ya kudumu ni ya mtu mwingine, hawezi kupangisha sehemu yake bila ridhaa ya mwenye hati. Mfadhili anayeijua Kampala ataiomba ridhaa hiyo kwa maandishi. Pateni mkataba wa miaka 5 au zaidi, uliosainiwa na mzee, mwenye hati na mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji. Bila huo mashine itafungwa kwa boliti kwenye sakafu ambayo mnaweza kufukuzwa kesho.

Halafu jina. Jina la kikundi kwenye cheti cha CBO (asasi ya kijamii), kwenye katiba, kwenye muhtasari wa kikao kilichochagua wasaini na kwenye akaunti ya benki lazima lifanane herufi kwa herufi. Cheti kikisema "Group" na benki ikaandika "Association", malipo yatarudishwa. Hilo likitokea Juni, mwaka wa fedha hufungwa tarehe 30, na kiasi ambacho halmashauri haijakitoa hurudi Mfuko Mkuu wa Serikali.

Swali: Tuko Kasese. Fundi wa kuchomelea aliyetutengenezea mashine hana risiti ya EFRIS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya mapato. Mkaguzi atakubali?

Jibu: Muulizeni mfadhili kabla ya kulipa, na jibu lake liwe la maandishi. Wengi hukubali mafundi wadogo iwapo kuna kotesheni tatu, mkataba wenye vipimo vya mashine, malipo kwa benki au simu badala ya taslimu, na hati ya malipo yenye saini, namba ya simu na nakala ya kitambulisho cha taifa. Pigeni picha ya mashine ikiwa na namba mliyoipiga juu ya chuma. Lipeni sehemu ya mwisho baada ya kuijaribu kwa malighafi yenu wenyewe, kwa saa nzima, si dakika tano.

Swali: Hapa Arua kuna mtu anadai asilimia 10 ili jina la kikundi chetu lipite. Anasema ndivyo wote wanavyofanya.

Jibu: Msimpe. Fomu za UWEP na YLP ni za bure, na huanzia kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo. Milioni 1 ikiondoka kwenye milioni 10, deni linabaki milioni 10, na ni saini zenu ziko kwenye mkataba. Pelekeni ombi ofisini mkiwa watatu, ombeni mhuri wa kupokelewa wenye tarehe kwenye nakala yenu, na mwandike siku, mahali na maneno aliyowaambia. Maandishi hayo yapelekeni ofisi ya Inspekta Jenerali wa Serikali, IGG, iliyo karibu nanyi.