Re: Marumaru za Morbi, nipakilie Mundra au Nhava Sheva?

Mkuu umesema saplaya wako yuko Morbi, India, na anakupa bei ya FOB (yaani gharama zote mpaka mzigo upakiwe melini zimo kwenye bei yake) bandari yoyote kati ya hizo mbili, hapo wala usiumize kichwa sana, chukua Mundra. Angalia ramani, Morbi iko jimbo la Gujarat na Mundra iko hukohuko Gujarat, Ghuba ya Kutch, wakati Nhava Sheva iko ng'ambo ya Mumbai kabisa, na marumaru ni mzigo mzito bwana, kila kilomita ya lori unailipia wewe hata kama kwenye invoisi haionekani.

Watu wengi wanadhani Mundra ni bandari ndogo ya pembeni, hapana. Ilianza 1998, ni ya kampuni ya Adani sio serikali, ina kina kirefu, ina reli inaingia mpaka ndani na ndo bandari kubwa kuliko zote za binafsi India. Mwaka 2024 ilipokea MSC Anna, lile limeli la karibu mita 400.

Nhava Sheva nayo sio mbaya, ipo tangu 1989 na inafaa sana kama unachanganya mzigo na vitu vya Mumbai au Pune. Ila kwa kontena moja la marumaru tupu, sioni sababu.

Kabla hujatuma hela muulize wakala wa meli kama inakuja Dar moja kwa moja au kontena litashushwa njiani lisubiri meli nyingine, hapo ndo siku zinapopoteaga.