Fibrinojeni inaganda, inanata au inashikana na chembe sahani?

Muuguzi mmoja wa Tanga mjini ameniandikia. Anawafundisha wanafunzi namna damu inavyoziba kidonda, na kila akifika kwenye chembe sahani, vile vijichembe vya damu vinavyoziba kidonda, anababaika: aseme fibrinojeni, protini iliyo ndani ya damu, "inaganda" juu ya chembe, "inanata", au "inashikana" nayo?

Dada, kuganda ni kimiminika kuacha kutiririka. Maziwa mgando mnayouziwa Ngamiani yameganda bakuli zima, na damu ya kidondani huganda hivyo hivyo. Fibrinojeni iliyofika juu ya chembe haijaganda bado. Itaganda kimeng'enya cha thrombini kikishaikata na kuigeuza nyuzi za fibrini, kwa hiyo neno hilo liweke hadi hapo.

"Kushikana" ni kauli ya kutendana, linataka wawili wanaotendeana. Linafaa chembe kwa chembe, ingawa mimi napendelea "kushikamana", maana ile -am- ya kutendama inaonyesha hali inayodumu. Fibrinojeni moja hushika chembe huku na chembe nyingine kule, ndipo chembe zikashikamana.

Linalonisumbua hasa ni "hunata". Kinachonata kina tabia hiyo wakati wote. Lakini fibrinojeni imo ndani ya damu usiku na mchana, inapishana na chembe sahani 150,000 hadi 400,000 katika kila mikrolita, na haziguswi. Kipokezi chake kilicho juu ya chembe hubaki kimejikunja mpaka chembe iamshwe, kwa mfano na kolajeni, protini ya ukuta wa mshipa, mshipa ukikatika. Hapo hubadilika umbo na kuweza kuipokea. Basi andika ubaoni: "Chembe sahani ikiamshwa, fibrinojeni hujishikiza kwenye vipokezi vyake." Usiiache hiyo -ki-, tafadhali. Bila hiyo mwanafunzi ataelewa kwamba damu nzima iko tayari kuziba mishipa saa yoyote, na huko ni kumpotosha.

Umegusia pia protini ya von Willebrand, iliyopewa jina la daktari wa Ufini aliyeueleza ugonjwa wake mwaka 1926. Yenyewe ipe "kunasa". Hutangulia kujishikiza kwenye kolajeni iliyo wazi, kisha huzinasa chembe zinazopita mbio. "Kushika" pekee lingekuwa zito mno kwa mguso huo wa kwanza, kwa sababu haudumu: hunasa, huachia, hunasa tena, hadi chembe ipunguze mwendo.