Keki moja, ladha mbili: anzia kwenye rojo

Wewe unayeanza kuoka keki za oda, karibu. Si muda mrefu mteja atakuomba keki moja yenye ladha mbili, nusu limau, nusu chokoleti, kwa sababu shosho hali chokoleti na watoto hawataki kingine. Oda hiyo ichukue. Ila usifanye nilivyofanya mimi mara ya kwanza hapa Nakuru. Nilikoroga kila rojo peke yake, kwa kipimo chake, nikayamimina yote kwenye tini moja. Upande wa limau ulifura ukamwagikia nje, wa chokoleti ukalala chini mzito, na katikati pakawa na ufa wa kuingiza kidole. Mteja alilipa nusu, na hata hiyo nusu niliipokea kwa aibu.

Nilichojifunza ni hiki: keki ya ladha mbili haitoki kwa mapishi mawili. Hutoka kwa rojo moja linalogawanywa, halafu kila nusu inapewa ladha yake bila kuharibiwa uzito.

Kwa tini ya duara ya inchi 9, mimi hupima siagi gramu 250, sukari gramu 250, mayai 5 na unga wa ngano gramu 200. Naam, 200. Kwa kawaida unga ungekuwa 250, lakini hizo 50 zina kazi baadaye. Piga siagi na sukari hadi ziwe nyeupe na laini, ongeza mayai moja moja, kisha unga uliochekechwa pamoja na beking pauda.

Sasa gawa, na ugawe kwa mizani. Jicho hudanganya, hasa kwenye bakuli mbili zisizolingana. Nusu ya limau iongeze unga gramu 25. Nusu ya chokoleti iongeze kakao gramu 25, ambayo umeikoroga kwanza kwa vijiko vikubwa 3 vya maziwa ya moto ikawa kama uji mzito, ukaiacha ipoe. Kakao hunywa maji kuliko unga. Ukiitia kavu, nusu hiyo itakaza na keki itatoka kavu.

Kwenye limau, tumia ganda lililoparuzwa, ile njano ya juu tu. Juisi iache. Juisi ina asidi, hukutana na beking pauda mapema na kumaliza nguvu yake ndani ya bakuli, na ndiyo maana pande mbili hazipandi sawa.

Kabla hujamimina, inua mwiko juu ya kila bakuli. Rojo linafaa kudondoka lenyewe, zito, ukihesabu moja, mbili, tatu. Likidondoka kwenye moja, ni jepesi mno. Likining'inia baada ya tatu, ongeza kijiko kimoja cha maziwa, changanya polepole, ujaribu tena. Usiondoke hapo mpaka bakuli zote mbili zihesabu sawa. Nasisitiza kwa sababu hapa ndipo keki nyingi za wanafunzi wangu hufia.

Kuna jambo la beking pauda ambalo wengi hawaambiwi. Mimi nilifundishwa kuoka na shangazi yangu Kisumu, na kule vijiko vidogo 2 vilitosha unga huo vizuri kabisa. Nilipohamia Nakuru keki zikawa zinapanda haraka na kubonyea katikati. Kisumu iko kwenye mita kama 1,130 juu ya bahari, Nakuru kwenye 1,850 hivi. Huku juu hewa ni nyepesi, mapovu ndani ya keki hupanuka upesi kabla ya keki kushikana. Sasa natia kijiko kidogo 1 na nusu. Na Julai, baridi ikiuma, siagi na mayai huyaweka karibu na jiko kwanza, la sivyo rojo hukatika na kuwa mabonge mabonge.

Kugawanya ndani ya tini, kata kartoni kwa upana wa tini, ifunike kwa foili, isimamishe katikati. Mwombe mtu aishike. Mimina pande zote mbili kwa pamoja, kidogo kidogo, kisha vuta kartoni juu wima, mara moja. Ukitaka mistari badala ya nusu kwa nusu, weka kijiko kikubwa cha rojo moja katikati ya tini, juu yake cha lingine, hadi yaishe, yatajitandaza yenyewe.

Oka kwa nyuzi 180. Kama ni oveni ya makaa, usigeuze tini kabla ya dakika 25. Chomeka kijiti pande zote mbili, maana rangi ya chokoleti haitakuambia kama imeiva. Acha ipoe kabisa kabla ya aisingi, na kila ukikata kipande futa kisu, chembe za chokoleti zisichafue upande mweupe.

Ukifunika keki yote kwa aisingi moja, pande hazitajulikana tena. Bandika kipande chembamba cha ganda la limau upande wa limau, na umwonyeshe mteja kabla hujafunga sanduku, shosho asije akakatiwa chokoleti.