Betri imekufa, simu bado nzima

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza: "Kwa nini simu za siku hizi hazidumu, na mtu afanye nini kabla ya kununua nyingine?" Mimi ni fundi wa simu hapa Kondele, Kisumu, na jibu langu ni kwamba simu nyingi zinazotupwa droo hazijafa. Kilichokufa ni betri au mlango wa chaji, na vyote viwili hubadilishwa. Bodi (kibao kikuu cha umeme ndani ya simu), kamera na kioo viko sawa, lakini mwenye simu ameshatia sahihi mkataba wa kulipia nyingine kila siku kwa mwaka mzima. Inaniuma, kwa sababu wengi wao simu ndiyo kazi yenyewe: mwanabodaboda anayepata wateja kwa programu, mama anayeagiza samaki Dunga kwa WhatsApp na kulipwa kwa M-Pesa, kijana anayepeleka vifurushi.

Nianze na betri, maana hapo ndipo pesa nyingi zinapopotelea. Betri za simu ni za lithiamu, na kila mzunguko wa chaji huzichosha kidogo. Mzunguko mmoja ni asilimia 100 iliyotumika, hata kama ni nusu leo na nusu kesho. Kwa miaka mingi watengenezaji wamehesabu mizunguko 500 kabla uwezo wa betri haujashuka hadi asilimia 80. Baadhi ya za sasa hufika 800 au 1,000. Anayemaliza chaji moja kwa siku hufika 500 kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa. Mwanabodaboda anayemaliza chaji mbili kwa siku hufika huko kabla ya mwaka kuisha. Kwa hiyo betri kuchoka mapema si ushahidi kwamba aliuziwa simu feki. Ni kazi imefanyika.

Dalili inayowapotosha watu ni hii: simu inazima ikiwa bado inasoma asilimia 30, hasa ukifungua kamera au ukipigiwa. Ukiichomeka kwenye chaja inawaka na kusoma 28. Mtu anaambiwa bodi imeungua, naye anakubali. Ukweli ni kwamba betri iliyochoka huwa na ukinzani mkubwa ndani yake, yaani umeme hautoki kwa urahisi. Simu ikihitaji umeme mwingi kwa ghafla, volti zinaporomoka, na simu inajizima ili kujilinda. Unaweza kujipimia. Kwenye baadhi ya simu za Android, bonyeza *#*#4636#*#* kwenye sehemu ya kupigia, ufungue habari za betri, utaona volti na joto lake. Betri nzima ikiwa na nusu ya chaji husoma volti 3.8 hivi. Rekodi video taa ikiwa imewashwa, kisha rudi utazame haraka. Volti zikiwa zimeshuka kidogo, haina neno. Zikianguka hadi karibu 3.4, hiyo betri ni ya kubadilisha, na bodi usiiguse.

Kinachoiua betri upesi kuliko wingi wa chaji ni joto. Apple, kwa mfano, huwaambia wateja wake watumie simu mahali pasipozidi nyuzi 35. Kisumu mchana kivulini tu tunakaribia 30, sasa fikiria simu iliyofungwa kwenye usukani wa pikipiki, ndani ya mfuko wa plastiki wa kuzuia mvua, mwangaza wa kioo umepandishwa hadi mwisho, ramani inaendeshwa, data imewashwa, na juu ya hayo yote inachajiwa. Kila kimoja kati ya hivyo huongeza joto, na ule mfuko hauliruhusu litoke. Ondoa mfuko siku ya jua. Weka simu mahali inapopigwa na upepo na pana kivuli kidogo. Chaji ukiwa umesimama stejini, si ukiwa mwendoni. Ile chaja ya kuunganishwa kwenye betri ya pikipiki iwe na fyuzi yake, na usichomeke simu kabla injini haijawaka, kwa sababu wakati wa kuwasha volti za pikipiki huyumba sana na vifaa vya bei ya chini havisawazishi vizuri. Na wenye iPhone wajue kwamba tangu 2021 Apple yenyewe imeonya kuwa mtikisiko wa injini za pikipiki zenye nguvu unaweza kuharibu kamera zenye kituliza picha (sehemu inayozuia picha kutikisika), na hata kwa pikipiki ndogo inashauri kishikilio cha kupunguza mtikisiko.

Kuhusu kuacha simu kwenye chaji usiku kucha, wengi huogopa kitu kisicho na ubaya. Simu hukata chaji yenyewe ikijaa. Ubaya ni betri kukaa kwenye asilimia 100 kwa saa nyingi huku ikiwa na joto, kama inavyokuwa chini ya mto. Iweke mezani. Kama simu yako ina mpangilio wa kukomea asilimia 80, uwashe kwa siku unazoshinda karibu na stima. Usiisubiri ifike sifuri ndipo uchaji. Betri hizi hazihitaji "kumalizwa" kama zile za zamani, na kuzimaliza kila siku huzidhoofisha.

Chaja nayo imezungukwa na imani nyingi. Chaja ya wati 65 haitaunguza simu ya wati 18, kwa sababu simu ndiyo inayosema inataka kiasi gani. Cha kuogopa ni chaja duni, iwe ya wati chache au nyingi. Dalili yake iko wazi: ukiichomeka, kioo kinaanza kuruka, herufi zinajiandika, programu zinafunguka zenyewe. Umeme unaotoka haujachujwa vizuri na unasumbua kioo. Chomoa hapo hapo na usiirudie, maana umeme huohuo unapita kwenye saketi ya chaji iliyo ndani ya bodi, na hiyo ikiungua ndipo bei ya matengenezo inapopanda kweli. Waya mwembamba nao hupoteza volti njiani. Kipimo kidogo cha USB kinachochomekwa kati ya chaja na waya kitakuonyesha ampea zinazoingia: badilisha waya huku chaja ikiwa ileile, na ampea zikipanda, umempata mwenye kosa bila kulipa fundi.

Hesabu nyingine ya kuondoa wasiwasi. Betri ya mAh 5,000 (mAh ni kipimo cha chaji inayobebwa na betri) hubeba takriban wati-saa 19, yaani inaweza kutoa wati 19 kwa saa moja. Chaja iliyoandikwa 5V 2A hutoa wati 10, na nyingine hupotea kama joto, kwa hiyo kujaa kwa saa mbili na nusu au tatu ni kawaida. Ikichukua saa sita, anza na waya, kisha mlango wa chaji.

Na huo mlango, jamani, usafisheni. Nyuzi za mfukoni na vumbi hujikusanya ndani, na kila ukichomeka unazishindilia chini, mpaka waya haufiki mwisho. Ukiona waya hauingii hadi ukabana, au simu inachaji tu ukiukunja upande mmoja, zima simu, chukua kijiti cha mti cha meno, ukwangue taratibu kwenye sakafu ya tundu, huku simu ikitazama chini ili uchafu uanguke. Sindano na pini ni hapana: zinachubua miguu midogo ya shaba na kuigusanisha. Kama baada ya kusafisha bado waya unalegea, mlango umechakaa. Kwenye simu nyingi uko kwenye kibao kidogo cha peke yake, kinachofunguliwa na kuwekwa kingine bila kulehemu chochote. Uliza kabla ya kukubali bei: "Ni kibao kinachobadilishwa, au ni kulehemu kwenye bodi kuu?" Kazi hizo mbili haziko karibu kabisa kwa ugumu wala kwa bei.

Ukifika kubadilisha betri, jihadhari na namba iliyochapishwa juu yake. Betri mpya yenye umbo lilelile la ile ya mAh 5,000 lakini imeandikwa 7,000 ni uongo, kwa kuwa nafasi haijaongezeka. Betri ya kweli ya 5,000 huwa na uzito wa gramu 65 hadi 75 hivi. Mwombe fundi aziweke ya zamani na mpya kwenye mizani ya jikoni. Ikiwa mpya ni nyepesi sana, ikatae. Njoo simu ikiwa chini ya asilimia 25, maana betri iliyojaa ni hatari zaidi ikitobolewa. Betri nyingi zimegandishwa kwa gundi. Fundi mwangalifu hupasha joto kifuniko cha nyuma tu, huvuta vishikio vya gundi kama vipo au hudondosha spiriti pembeni, kisha huinua kwa kadi ya plastiki. Ukimwona anachokoa betri kwa bisibisi, mwambie asimame. Betri iliyovimba haibonyezwi wala haichajiwi hata mara moja, na haitupwi kwenye takataka zinazochomwa.

Maji nitayapitia haraka. Zima, usichaji, toa kijidroo cha laini, pangusa, ipeleke kwa fundi siku hiyohiyo ifunguliwe na bodi ioshwe kwa pombe ya aisopropili. Mchele hausaidii, unaingiza vumbi tunduni na chumvi za maji zinabaki kwenye bodi zikiila. Chai ya maziwa yenye sukari ni mbaya kuliko maji ya ziwa.

Sasa hili la mkopo, ambalo ndilo lililonifanya niandike. Tuseme simu inauzwa shilingi 15,000 taslimu. Kwa lipa pole pole unatanguliza 3,000, halafu 60 kwa siku kwa siku 365. Hiyo ni 21,900, ukijumlisha na ya kutangulia ni 24,900. Tofauti ni shilingi 9,900, na simu hufungwa ukichelewa kulipa, yaani kazi inasimama siku ileile unapohitaji kupata hela ya kulipia. Silaumu anayechukua, wengi hawana 15,000 mkononi. Ninachosema ni kwamba asichukue kabla ya kuuliza bei ya betri na mlango wa chaji wa ile aliyo nayo. Na akichukua, asome kama mkataba unamruhusu fundi wa nje kuifungua kabla hajamaliza kulipa.

Ukilazimika kununua, acha kuhesabu kamera. Uliza kama spea za modeli hiyo zinapatikana mjini. Pita kwa mafundi wawili watatu kabla ya kupita dukani. Uliza itapata masasisho ya usalama hadi mwaka gani, maana programu za benki huacha kukubali simu zilizoachwa nyuma. Bonyeza *#06# uone IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, na uilinganishe na iliyo kwenye boksi. Umoja wa Ulaya, tangu 20 Juni 2025, unadai simu mpya zinazouzwa huko ziwe na betri inayobaki na asilimia 80 baada ya mizunguko 800, na spea zipatikane kwa miaka 7 baada ya modeli kuacha kuuzwa. Mnunuzi wa Kisumu anastahili sharti hilohilo, tena zaidi, kwa kuwa simu yake inafanya kazi kwa jua kali zaidi na kwa mizunguko mingi zaidi. Ningependa gazeti lenu liwaulize waagizaji wa hapa kwetu wana mpango gani wa spea.

Mwisho, usiondoke kwa fundi bila kujaribu. Chomeka chaja yako mwenyewe, si yake, uone inachaji bila kukunja waya. Kisha piga simu kwa mtu aliye mbali na umuulize kama anakusikia vizuri, kwa sababu kwenye simu nyingi maikrofoni iko kwenye kibao kilekile cha chaji, na kibao duni huchaji vizuri huku sauti ikikatika.

Fundi wa simu, Kondele, Kisumu