Mita 9, 16 au 27? Wataalamu wanampimaje samaki asiye na uti wa mgongo

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mwongoza wageni hapa Kilindoni, Mafia. Msimu wa potwe nawapeleka wageni kuogelea nao. Juzi mgeni mmoja akaniambia potwe ni mtoto tu, zamani kulikuwa na samaki anaitwa Leedsichthys mwenye urefu wa mita 27. Nikaingia mtandaoni kutafuta, nikachanganyikiwa: huku wameandika mita 9, huku 16, huku 27. Mnampimaje samaki huyo hadi majibu yapishane hivyo? Na je, ndiye babu wa potwe?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na hilo la mwisho maana ni jepesi. Si babu yake, wala si mjomba. Potwe ni papa, na kiunzi cha mwili wake ni gegedu. Leedsichthys yuko upande wa akina kibua, changu na jodari, yaani samaki wa mifupa, ambao mapezi yao ni utando ulioshikiliwa na vijiti kama mwavuli. Kundi lake linaitwa Pachycormiformes. Lilikuwa la baharini, limekwisha kabisa, na linakaa karibu na shina walikochipukia karibu samaki wote unaowaona pale sokoni. Yeye na potwe wamefanana kazi tu: kuogelea mdomo wazi na kuchuja planktoni, yaani vijidudu na vijimea vinavyoelea majini.

Sasa urefu. Wewe mwenyewe nadhani unampima potwe kwa boti: pua ikiwa usawa wa nahodha na mkia umepita injini, unajua ni mita ngapi. Sisi hatuna pua na mkia kwa pamoja. Mpaka leo hajapatikana Leedsichthys mmoja aliyekamilika. Ubaya zaidi, kile ambacho kingetupa urefu moja kwa moja, uti wa mgongo, hakipo. Pingili zake hazikugeuka kuwa mfupa, zikaoza na nyama. Kinachobaki ni vipande vya fuvu, mashavu, mapezi na mkia, vingi vikiwa vyembamba na vimepondwa na matope yaliyowalalia kwa miaka milioni 165 hivi.

Ndiyo maana mwanzoni hata hakutambuliwa kuwa ni samaki. Mifupa ya kwanza kujulikana ilitoka kwenye mashimo ya udongo wa matofali karibu na Peterborough, Uingereza. Mkulima mmoja wa huko, Alfred Leeds, alikuwa na kawaida ya kwenda kuokoa mifupa kabla haijaishia kwenye tanuri. Mwaka 1887 mtaalamu John Hulke aliviangalia vipande vipana, bapa, akaamua ni mabamba ya mgongoni ya dainosa. Mwaka uliofuata Othniel Marsh kutoka Marekani alipita kwa Leeds, akaona mifupa ileile, akasema hii ni ya samaki. Mwaka 1889 Arthur Smith Woodward akampa jina rasmi, Leedsichthys problematicus. Sehemu ya kwanza ni “samaki wa Leeds”. Ya pili ni “msumbufu”, na kusema kweli jina limemkaa.

Mkanganyiko wa namba zako unaanzia kwenye mkia. Leeds alichimba mkia mmoja ambao kutoka ncha ya juu hadi ya chini una mita 2.74. Ukiwa na mkia tu, unafanyaje? Unatafuta ndugu yake ambaye mwili wake mzima umehifadhiwa kwenye jiwe, unapima mwili wake ni mara ngapi ya mkia wake, halafu unazidisha. Woodward alimtumia ndugu mdogo aitwaye Hypsocormus, akapata karibu mita 9. Gawa mwenyewe: 9 kwa 2.74 ni kama mara tatu na robo. Hesabu haina kosa, ila imesimama juu ya dhana kwamba samaki mkubwa ana umbo lilelile la ndugu yake mdogo. Dhana hiyo ni ya hatari. Mchukue ndugu mwingine, mwembamba na mrefu, ambaye mwili wake ni mara sita ya mkia, na kwa mkia uleule utapata zaidi ya mita 16. Mkia haujaongezeka hata sentimita moja.

Hiyo mita 27 ya mgeni wako ilizaliwa hivyohivyo. Mwaka 1986 David Martill alimlinganisha na ndugu mwingine mwenye vipimo vya ajabu. Alipotumia sehemu moja ya mwili alipata mita 13.5, alipotumia kikapu cha mashavu, yaani matao ya mifupa yanayobeba matamvua ya kupumulia, alipata 27.6. Samaki mmoja, mtaalamu mmoja, na jibu la pili ni mara mbili ya la kwanza! Martill aliitaja ile kubwa kama uwezekano kwa samaki wakubwa kabisa. Lakini namba kubwa zina miguu, ndiyo iliyoingia kwenye televisheni na kukaa huko. Ingekuwa kweli, angelingana na nyangumi wa buluu aliyekomaa.

Mambo yalianza kutulia mwaka 2001, wanafunzi walipoona mifupa ikichomoza kwenye ukuta wa shimo la udongo huko Whittlesey, palepale jirani na Peterborough. Jeff Liston na wenzake wakaichimba 2002 na 2003, wakatoa vipande zaidi ya elfu mbili vya samaki mmoja, yakiwemo mapezi ya ubavuni. Kisha wakafanya jambo ambalo mimi nalipenda kuliko uchimbaji wenyewe: walikata mifupa vipande vyembamba na kuitazama kwa hadubini. Mfupa wa samaki hukua kwa vipindi. Ukuaji ukisimama unaacha mstari, kama pete ndani ya gogo la mti, na kila mstari unahesabiwa kuwa mwaka. Kwa kupanga samaki watano tofauti, wakubwa kwa wadogo, kwa umri na ukubwa wa mifupa yao, Liston na wenzake mwaka 2013 walisema Leedsichthys wa miaka 20 alikuwa na mita 8 hadi 9, na aliyekaribia 40 alifika kama mita 16.5.

Kwa hiyo zile namba mbili ndogo hazigombani sana. Mita 9 ni samaki wa umri wa kati, na 16.5 ni mzee. Hiyo 27 iache. Bado kuna kuzidisha ndani ya makadirio ya 2013, lakini kuna mifupa kadhaa inayoshuhudiana, si mmoja unaojisemea. Na mita 16.5 si haba: ni mkubwa kuliko karibu potwe wote unaowaona hapo Kilindoni, ambao wengi ni madume ambayo hayajakomaa.

Utauliza tumejuaje kwamba alichuja, wakati hatujaona tumbo lake. Nenda sokoni ukanunue kibua mmoja, mbichi. Mfungue mdomo hadi mwisho uchungulie kooni. Utaona nyuzi ndefu nyeupe zimejipanga pande zote kama manyoya. Sasa inua kifuniko cha shavu ukate tao moja la mfupa ulitoe: upande wa nyuma kuna matamvua mekundu ya kupumulia, upande wa mbele ndiyo zile nyuzi, zimekaa kama meno ya chanuo. Maji yanapita, chakula kinanasa. Kisha mfanyie hivyo jodari au changu. Kwa changu utakuta vijiti vifupi, vinene, kwa kuwa huyo anakamata windo lake kwa meno. Leedsichthys alikuwa na chanuo hizo kwa maelfu, tena zimewekewa vijimeno vidogovidogo vya kuongeza unasaji, na taya zake hazikuwa na meno. Mwenye kinywa cha namna hiyo hawindi.

Kwa muda mrefu tulidhani yeye alikuwa kioja cha peke yake, kwamba bahari za enzi za dainosa hazikuwa na wachujaji wengine wakubwa. Mwaka 2010 Matt Friedman na wenzake walibomoa wazo hilo, na sehemu ya ushahidi ilikuwa imelala kwenye droo za makumbusho. Mifupa kutoka Kansas, Marekani, iliyokuwa imehesabiwa kuwa ya Protosphyraena, ndugu mwenye pua ndefu kama ya nduaro, iliposafishwa na kutazamwa upya ikaonekana ni ya mchujaji asiye na meno. Wakamwita Bonnerichthys. Mwingine, Rhinconichthys, mabaki yake yamepatikana Uingereza, Japani na Marekani. Ukoo huu wa wachujaji ulidumu zaidi ya miaka milioni 100, hadi ile balaa ya miaka milioni 66 iliyopita iliyoondoa dainosa.

Na hapo ndipo potwe wako anapoingia. Papa wachujaji wa leo na taa wakubwa wa mdomo wazi walijitokeza baada ya Pachycormiformes kutoweka, na nyangumi wenye chujio wakaja nyuma zaidi. Potwe hakuzaliwa na Leedsichthys. Amerithi kazi iliyoachwa wazi.

Mgeni wako akirudi na mita zake 27, muulize kwanza zimepimwa kwa mfupa gani.