LSD au difuloki kwa Prado ya Pwani: kwanza ijue difu uliyo nayo

Ndugu yangu wa Prado 95, umeuliza kama kwenye difu (gia za katikati ya ekseli zinazoruhusu matairi mawili yazunguke kwa kasi tofauti) uweke LSD (difu inayopunguza utelezi) au difuloki (inayofunga matairi hayo yazunguke pamoja), mbele au nyuma, na kama ule ushauri wa kuchomelea difu, yaani kuunganisha gia zake kwa weldi moja kwa moja, unafaa. Umesema siku tano za wiki gari liko lami baina ya Nyali na Changamwe, na wikendi linaelekea shambani Kinango au kwenye mchanga wa Mambrui. Kwa matumizi hayo ningechagua difuloki ya swichi, ekseli ya nyuma peke yake. Lakini usitoe shilingi hata moja kabla hujakagua yafuatayo.

La kuchomelea lifute kabisa. Kila unapozunguka keepilefti, tairi la nje hupita njia ndefu kuliko la ndani. Difu iliyochomelewa haiyapi matairi nafasi ya kutofautiana, kwa hiyo ama tairi lijiburute ama hafushafti (shafti inayotoka kwenye difu kwenda kwenye tairi) ijipinde. Lami ikiwa kavu utakula matairi. Ikilowa na mvua ya masika, mkia wa gari utateleza kwenye kona bila kukuonya, na humo ndani umepakia watu.

Sasa mkono wa gia ndogo. Prado 95 nyingi huendesha magurudumu yote manne wakati wote, na kati ya ekseli mbili kuna difu ya tatu. Mkono ukiwa H (mwendo wa kawaida), difu hiyo ya kati iko wazi, na tairi moja tu likikosa mshiko linaweza kusimamisha gari zima. Ukiingia mchangani au matopeni weka HL (mwendo wa kawaida, difu ya kati imefungwa), na kwenye mteremko au makorongo weka LL (gia ndogo, difu ya kati imefungwa). Taa ya difu ya kati iwake kwenye dashibodi ndipo uondoke. Kama haiwaki, songa polepole mita chache, usukani ukiwa umenyooka. Magari mengi yanayosemwa kuwa yanahitaji difuloki yalikwama mkono ukiwa H.

La pili ni upepo wa matairi. Kwa mchanga shusha hadi psi 18. Ukiendelea kuzama, shuka hadi 15, uende taratibu bila kukata kona kali, maana tairi lenye upepo mdogo huweza kuchomoka kwenye rimu. Beba kompresa ya kujazia kabla hujarudi lami. Mchangani upepo unasaidia kuliko difu yoyote utakayonunua. (Na tafadhali, njia za mchanga ziwe za nchi kavu. Ufuoni, hasa upande wa Watamu, kasa hutaga mayai humo humo mchangani.)

La tatu, huenda tayari unayo. Prado nyingine zilitoka kiwandani na difuloki ya umeme nyuma. Tafuta swichi ya kuzungusha yenye picha ya ekseli kwenye dashibodi, kisha lala chini uangalie kama kuna mota ndogo yenye nyaya imefungwa kwenye difu ya nyuma. Kama ipo, haishiki mpaka uwe LL na gari liwe karibu kusimama. Ugonjwa wake mkubwa ni kutu: mota ikikaa miezi bila kutumika, hewa ya chumvi ya huku kwetu huikamata ndani, nawe huna habari mpaka siku unapoihitaji. Iwashe na kuizima angalau mara moja kwa mwezi, ukiwa kwenye mchanga au kokoto. Ikiwa imekwama, fundi mwenye mkono mzuri huifungua, huisafisha, huipaka grisi mpya na kubadilisha sili yake. Hiyo ni kazi ndogo sana ukilinganisha na kununua difuloki mpya.

Kujua kama nyuma una LSD, na kama bado iko hai, fanya hivi. Weka mawe mbele na nyuma ya matairi ya mbele, inua ekseli ya nyuma yote juu ya stendi, zima injini, acha gia ya kwanza na HL, kisha zungusha tairi moja kwa mikono. Likizunguka kirahisi na la pili likienda kinyume, hiyo ni difu ya kawaida, au ni LSD ya sahani iliyokwisha (aina za LSD nazieleza hapa chini). Likiwa gumu kuzungushika, sahani bado zina kazi. Jaribio hili halifai kwa LSD ya gia, kwa sababu bila mzigo hujionyesha kama difu ya kawaida.

Tuje kwenye uchaguzi wenyewe. Watu husema difu ya kawaida hupeleka nguvu yote kwenye tairi linalozunguka ovyo. Sivyo. Yenyewe hugawa sawa kwa sawa kila wakati, na hapo ndipo tatizo lilipo: tairi lililo kwenye utelezi likiweza kupokea Nm 100 tu (Nm ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha) kabla ya kuteleza, na lile lililo kwenye ardhi ngumu litapewa Nm 100 hizo hizo. Gari halisogei.

LSD ya sahani hubana pande zote mbili kwa msuguano, kwa hiyo tairi lenye mshiko hupata ziada kidogo. Ni nzuri ikiwa mpya, lakini sahani huisha kama klachi, na inataka oili yake maalumu ya LSD. Ukiijaza oili ya gia ya kawaida itaanza kunguruma na kutetemeka kwenye kona za polepole.

LSD ya gia, kama Torsen au Eaton Truetrac, haina sahani za kuisha. Hufanya kazi kwa kuzidisha. Tuseme imetengenezwa izidishe mara tatu: tairi la utelezini likipokea 100, la pili hupata 300. Kwa lami iliyolowa na barabara za murram ni tamu mno, hutaisikia hata kidogo. Lakini tairi likining'inia hewani hupokea karibu sifuri, na sifuri mara tatu ni sifuri. Dawa yake ni kulitwika tairi hilo mzigo wa bandia: vuta breki ya mkono meno mawili matatu huku ukikanyaga mafuta pole, gari litasogea. Kwenye Prado hilo linawezekana kwa kuwa breki ya mkono inashika magurudumu ya nyuma. Kwenye Land Rover Defender za zamani haisaidii, maana yake inashika shafti, si magurudumu.

Difuloki huunganisha hafushafti mbili zikawa kama chuma kimoja. Tairi moja likiwa hewani, lile la chini huchukua kazi yote. Kwenye korongo lililochimbwa na mvua, tairi la nyuma kushoto likiwa juu na la mbele kulia likiwa juu, hakuna LSD itakayolingana nayo.

Ziko za kujiendesha zenyewe, mfano Detroit Locker, na zile ndogo zinazoingia ndani ya kikombe cha difu (ganda linalobeba gia za ndani) mahali pa gia za buibui (gia ndogo za katikati). Hizi ndogo ni rahisi na krauni (gia kubwa ya difu) haiguswi, lakini kwa gari linalolala Nyali sizipendekezi: hugonga kwenye kona, husukuma pua ya gari nje, na kwenye lami iliyolowa mkia hubadilika tabia kila unapokanyaga na kuachia mafuta. Kwa Jimny fupi ni mbaya zaidi.

Inabaki ya swichi: ya upepo, kama ARB, au ya umeme, kama Eaton au Harrop. Ikizimwa ni difu ya kawaida, lami haijui kuwa ipo. Ya upepo ina nguvu na inajulikana na mafundi wengi, ila inakuja na kompresa, solenoidi (vali ya umeme) na mpira mwembamba wa hewa. Kompresa ikiwa inaamka kila baada ya dakika chache wakati difuloki imewashwa, kuna mahali panavuja. Oili ikitokea kwenye solenoidi, O-ringi za ndani ya difu zimekwisha. Upepo ukivujia ndani husukuma oili itoke kwenye pumuo (tundu la kupumulia la difu), na mbaya zaidi, kupitia sili za hafushafti mpaka kwenye breki. Mpira wa hewa upite mbali na egzosi, na uachiwe ulegevu ekseli inaposhuka. Ya umeme haina mpira, lakini viungo vya nyaya chini ya gari vinataka grisi ya umeme na kufungwa vizuri, vinginevyo chumvi itavila.

Kwa nini nyuma na si mbele? Ukipanda, uzito hurudi nyuma, na huko ndiko mshiko uliko. Ukifunga ya mbele usukani huwa mzito na gari hukataa kukata kona, na joiniti za CV (viungo vya hafushafti za mbele) za Prado hukatika ukikanyaga mafuta magurudumu yakiwa yamekunjwa. Jambo moja kuhusu hata ya nyuma: kwenye mteremko wa ubavu, matairi yote mawili yakiteleza kwa pamoja, mkia hushuka chini. Hapo izime.

Kabla ya kuagiza, hakikisha ukubwa wa difu, uwiano wa gia na idadi ya meno ya hafushafti. Msimbo wa ekseli uko kwenye kibati ndani ya boneti, lakini gari lililotumika huenda limebadilishwa difu, kwa hiyo hesabu meno ya krauni na ya pinioni (gia ndogo inayoizungusha krauni), ugawanye. 41 kwa 10 ni 4.1. Mbele na nyuma lazima zilingane. Ukishawishiwa difu kuukuu ya kiwandani yenye loki ya umeme, jua kwamba ile ya inchi 8 ya Toyota haikai kwenye nyumba ya ekseli ya kawaida bila kuikata na kuhamisha stadi (bolti za kushikia difu).

Kufunga ndiko kunakoharibu pesa za watu. LSD ya gia na difuloki ya swichi zote hubadilisha kikombe kizima, kwa hiyo kazi ya kupanga krauni ni ile ile. Fundi apime mwanya kati ya krauni na pinioni kabla hajafungua, kwa saa ya kupimia yenye sindano, sehemu nne za krauni, aandike. Kwa difu ya inchi 8 ya Toyota mwanya uwe kati ya mm 0.13 na 0.18. Kofia za beringi zitiwe alama. Ya kushoto isiende kulia. Beringi za kikombe ziwe mpya, bolti za krauni zisafishwe, zitiwe gundi ya nyuzi na kukazwa kwa spana ya kipimo. Kisha meno yapakwe rangi na kuzungushwa: alama ikae katikati ya jino. Pinioni isiguswe kama beringi zake ni nzima. Anayekwambia atapima kwa kutikisa na mkono, mtafute mwingine. Mwanya ukibana, difu huchemka na kulia ukikanyaga mafuta; ukilegea, hugonga kila unapobadilisha gia mpaka jino livunjike.

Oili iwe 80W-90 GL-5, ijazwe mpaka usawa wa tundu la kujazia, imwagwe baada ya kilomita 1,000 za kwanza. Pia ongeza mpira wa pumuo mpaka juu kwenye boneti. Difu yenye moto ikizama ghafla kwenye maji, hewa ya ndani hunywea na kuvuta maji kupitia sili. Ukivuka maji ya kufika ekseli, legeza bolti ya chini kesho yake. Ikitoka oili ya rangi ya chai ya maziwa, badilisha siku hiyo hiyo.

Na swichi yenyewe: iwashe kabla hujaingia pabaya, matairi yakiwa yametulia. Ukiiwasha tairi likiwa linazunguka ovyo, meno yanayoshikana ndiyo yatakayolipa.